Rangi ya Nywele: Fanyiwa Jaribio la Ngozi Siku Mbili Kabla

Wakazi wanaopanga kutiwa rangi ya nywele saluni wanahimizwa kufanyiwa jaribio dogo la ngozi angalau saa 48 kabla, hata kama wamewahi kutumia rangi hiyo bila shida. Jaribio hili huonyesha mapema iwapo mwili wa mteja unaikataa rangi, kabla haijapakwa kichwa kizima.

Wanaohitaji tahadhari zaidi ni wale waliowahi kupakwa piko, ile hina nyeusi inayopendwa harusini na sikukuu za Idd.

Tatizo liko wapi?

Rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi na za kahawia iliyokoza, zina kemikali inayofupishwa PPD. Kwenye paketi huandikwa p-Phenylenediamine. Baadhi ya watu hupata mzio, au aleji, kutokana nayo: ngozi huwasha, huwa nyekundu, hutoa malengelenge, na wakati mwingine uso na kope huvimba hadi macho yashindwe kufunguka.

Mzio huu una tabia mbili zinazowapotosha wengi. Kwanza, hauji papo hapo. Dalili zaweza kuchukua saa kadhaa, siku moja au hata tatu kujitokeza, na ndiyo maana kupaka tone mkononi na kusubiri dakika tano hakutoshi. Pili, waweza kumpata mtu aliyetumia rangi kwa miaka mingi salama. Mwili huizoea kemikali kama adui polepole, na ukishaikataa, kwa kawaida huikataa maisha yote.

Piko na hina si kitu kimoja

Hina halisi hutokana na majani ya mhina. Rangi yake ni ya machungwa au nyekundu ya udongo, na huhitaji saa kadhaa kukolea. Piko huwa nyeusi tititi kwa muda mfupi kwa sababu mara nyingi huchanganywa na unga wa rangi ya nywele wenye PPD, na hupakwa moja kwa moja kwenye ngozi.

Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 katika rangi inapopakwa nywele, na hauruhusu kabisa itumike kuchora ngozi. Vipimo vya hina nyeusi katika nchi mbalimbali vimewahi kukuta viwango vinavyozidi hapo kwa mbali. Msichana aliyepakwa piko akiwa mdogo na ngozi ikamwasha anaweza kupata mzio mkali miaka mingi baadaye, siku atakapotia nywele rangi kwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo, wazazi wanashauriwa wasiwapake watoto piko.

Jinsi jaribio linavyofanywa

1. Mteja afike saluni angalau siku mbili kabla ya siku ya rangi. Bibi harusi ni vyema afike wiki nzima mapema, ili apate nafasi ya kubadilisha mpango.

2. Msusi amuulize: umewahi kupakwa piko? Umewahi kuwashwa na rangi? Una kidonda au mchubuko kichwani? Aliyewahi kupata mzio asijaribiwe saluni, kwani hata tone dogo laweza kumdhuru. Amwone daktari kwanza.

3. Rangi itakayotumika siku yenyewe, si ya kampuni nyingine, ipakwe nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, eneo lisilozidi sarafu ya shilingi moja. Namna ya kuichanganya na muda wa kuiacha hutofautiana, hivyo maelekezo ya paketi yafuatwe.

4. Mteja achunguze sehemu hiyo kwa saa 48. Ikiwasha, ikivimba, ikiwa nyekundu au ikitoa malengelenge, aioshe kwa maji mengi na asitiwe rangi hiyo.

Jaribio lirudiwe kila mara kabla ya kutia rangi. Hata likipita salama, halimhakikishii mteja kwa asilimia 100, kwa hiyo aendelee kuwa macho baada ya kutiwa rangi. Maneno "haina amonia" kwenye paketi hayamaanishi kwamba haina PPD. Rangi isiyo na paketi wala orodha ya viungo ikataliwe.

Wasusi nao wajikinge

Msusi hugusa rangi kila siku, hivyo mzio waweza kumwanzia mikononi na kumharibia kazi. Avae glavu kila anapochanganya, anapopaka na anapoosha rangi. Pia aweke daftari la jina la mteja, rangi iliyotumika, tarehe ya jaribio na matokeo.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa au huduma, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Mteja anayeomba kuona paketi anadai haki yake.

Dalili zikijitokeza

Rangi ioshwe mara moja kwa maji mengi, na mgonjwa aende zahanati au kituo cha afya kilicho karibu akiwa na paketi. Hospitali zenye daktari wa ngozi zinaweza kumpima kwa viraka vinavyobandikwa mgongoni kwa siku mbili ili kujua kemikali inayomdhuru.

Akishindwa kupumua, akivimba midomo au ulimi, au akizirai, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitalini bila kuchelewa, au ipigwe simu 999 au 112. Kwa mujibu wa Kifungu cha 43 cha Katiba, hakuna mtu anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura.