Mazoezi na joto: Mtoto, baba na bibi hawapoi sawa

Jumamosi saa 12 asubuhi, barabara ya kwenda Capri Point jijini Mwanza huwa na watu. Vikundi vya mchakamchaka vinapita vikiimba, baba anakimbia na mtoto wake wa darasa la tatu, na nyuma yao bibi anatembea taratibu na raba zake. Wote wanapigwa na upepo ule ule wa ziwa, ila miili yao haipoi kwa namna moja. Mzazi asiyelijua hilo anaweza kumuumiza anayempenda akidhani anamjengea afya.

Misuli inapofanya kazi, takriban robo tatu ya nguvu inayotumia hugeuka joto. Ili mwili ubaki karibu na nyuzi joto 37, moyo husukuma damu nyingi kwenye ngozi, na jasho hutoka. Kinachopoza ni jasho kukauka juu ya ngozi, si kudondoka. Ndiyo maana mvua ikikaribia na hewa ya ziwani ikawa nzito, fulana inalowa chapachapa na bado unahisi kuungua.

Mtoto

Mtoto hutoa jasho kidogo kuliko mtu mzima. Hutegemea zaidi damu inayopita kwenye ngozi. Tena ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo asubuhi hupoa haraka, lakini jua la saa saba kwenye uwanja wa vumbi humwingizia joto.

Zamani wataalamu waliamini kuwa mtoto hawezi kabisa kuhimili joto. Siku hizi wanakubaliana kwamba akipewa maji, mapumziko na kivuli, anahimili vizuri. Tatizo mara nyingi ni mkubwa anayempangia mazoezi. Msimu wa maandalizi ya UMITASHUMTA na UMISSETA ukifika, muulize mwalimu: wanafanya mazoezi saa ngapi, na maji ya kunywa yapo?

Bibi na babu

Kuanzia miaka ya 60, jasho huchelewa kutoka na hupungua, damu inayofika kwenye ngozi hupungua, na kiu haimstui mtu kama zamani. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo na kupunguza maji mwilini, hivyo anayezitumia azungumze na daktari kabla ya kuanza mazoezi. Hata hivyo, sehemu ya udhaifu huo hutokana na kukaa tu. Mzee anayetembea kila siku kwa kawaida hupoa vizuri kuliko mwenzake wa umri ule ule asiyejishughulisha.

Baba

Aliyezoea mazoezi huanza kutoka jasho mapema na jingi. Aliyekaa ofisini mwaka mzima anahitaji wiki moja hadi mbili za kuongeza kidogo kidogo ili mwili uzoee joto. Kuvaa jaketi zito au plastiki ili "kuyeyusha mafuta" ni kujidanganya: uzito unaopungua pale ni maji, na ukinywa unarudi.

Hata mabingwa hushindwa na joto. Mwaka 2019 mjini Doha, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza karibu na usiku wa manane ili kukwepa jua, lakini kati ya wanariadha 68, 28 hawakumaliza. Mkenya Ruth Chepngetich ndiye aliyeshinda. Alphonce Simbu wetu alipotwaa dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025, naye alikimbia kwenye joto na unyevu. Alijiandaa kwa miaka, si kwa wikiendi moja.

Dalili za hatari

Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu au misuli kukaza: simamisha mazoezi, mpeleke kivulini, mnyweshe maji kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo, kupepesuka au kuzimia, huenda joto la mwili limefika nyuzi 40. Hiyo ni dharura. Mvue nguo nzito, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, mpepee bila kuacha huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Usimnyweshe aliyepoteza fahamu.

Mkitoka Jumamosi ijayo, anzeni saa 12, kila mmoja na chupa yake ya maji, na mrudi kabla ya saa 3. Mwendo wapangieni bibi na mtoto. Baba akitaka kasi, atarudia mzunguko wa pili peke yake.