Je, Wajua? Pembe za Ankole Hazisemi Yote

Je, wajua kwamba ng'ombe wa Ankole, yule wa pembe ndefu anayejulikana Burundi nzima, ni chotara? Nundu yake ndogo imetoka kwa zebu wa Asia. Kwa upande wa mama, ukoo wake ni wa ng'ombe wasio na nundu, waliotangulia Afrika kwa maelfu ya miaka.

Imejulikanaje? Kuna DNA ambayo ndama huirithi kwa mama peke yake. Ukiipima kwa ng'ombe wetu wa asili, hata mwenye nundu kubwa, ya zebu karibu huikuti. Basi damu ya zebu ililetwa zaidi na madume. Wafugaji wa kale walijua kuchagua dume kabla ya uhimilishaji kuzaliwa!

Mchanganyiko huo una umri gani? Mwaka 2020, watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), walitangaza jenomu, yaani DNA nzima, za ng'ombe 172 wa Afrika, Ankole wakiwemo. Kila kizazi hukatakata vipande vya DNA vilivyotoka kwa zebu, hivyo kadiri vilivyo vifupi ndivyo vilivyo vya zamani. Hesabu ilitoa miaka kati ya 750 na 1,050 iliyopita.

Na uteuzi wa asili huonekanaje katika DNA hiyo? Kipande kimoja kikienea kupita kiasi katika kundi zima, ujue waliokikosa hawakuacha wajukuu wengi. Baadhi ya vipande vya zebu vilivyoenea hivyo vinahusiana na kustahimili joto, jambo ambalo mfugaji wa Imbo, kwenye joto la Rumonge, hahitaji kuelezwa.

Ndigana kali je? Mwaka 2022, utafiti wa ng'ombe aina ya Boran wa Kenya ulionyesha sehemu ya jenomu inayomsaidia ndama kuokoka ugonjwa huo wa kupe, hasa akiirithi kwa baba na kwa mama.

Kule juu Bururi, kituo cha ufugaji cha Mahwa kilipandisha Ankole kwa Sahiwal wa Pakistani, maziwa yaongezeke. Sawa, lakini jenomu za Ankole wengi zaidi zisomwe kabla hawajachanganywa mpaka waishe.

Na ndagala, wale samaki wadogo wa Rumonge? Si mfugo, lakini DNA yao nayo imesomwa. Aina mojawapo ina vipande vitatu vikubwa vya kromosomu vilivyogeuzwa nyuma mbele. Ndiyo aina iliyopelekwa Ziwa Kivu mwaka 1959, na huko leo wanaila kwa jina la sambaza.