Kabutwa-kenda: Mwindo wa Wanyanga na Suala la Kuishi Nje ya Hatua Zilizozoeleka

Utangulizi

Katika jamii nyingi za Kiafrika, maisha ya mtu huhesabiwa kwa hatua. Mtoto huzaliwa, hupewa jina, husimama dede, hutembea na kusema; baadaye hutahiriwa au hufundwa, huoa au huolewa, huzaa, na mwishowe huitwa mzee. Kila hatua ina wakati wake na wasimamizi wake. Anayechelewa husemwa, na anayetangulia hushukiwa. Hata hivyo, hakuna jamii isiyopata mtu asiyekubali kuhesabiwa hivyo: mtu anayetaka kupanga mwenyewe lini atafanya nini. Jamii imfanyeje mtu huyo? Imvunje, imfukuze, au imsikilize?

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kuutazama utendi simulizi wa Mwindo, ambao ni mali ya Wanyanga wa Walikale, katika jimbo la Kivu Kaskazini. Hoja inayojengwa ni kwamba utendi huu haumsifu moja kwa moja mtu anayejiamulia mambo yake, wala haumlaani. Unamruhusu aruke hatua zote, kisha unamwonyesha hatua moja asiyoweza kuiruka, nayo ni kujifunza kuishi na wenzake.

Nchi na utendi wenyewe

Walikale ndiyo teritware kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni msitu wa mvua. Mashariki yake iko Masisi, nchi ya milima na malisho, ambako Wahunde ndio wenye falme za jadi za siku nyingi. Wanyanga na Wahunde ni majirani wa tangu zamani. Lugha zao ni za Kibantu, na wanapokutana na wageni, au wao kwa wao, sokoni na shuleni, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Wanyanga huuita utendi karisi. Mwaka 1956 msimulizi Shé-Kárisi Rureke aliusimulia, akauimba na kuucheza utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12. Kazi ya kuunakili na kuutafsiri ilifanywa na mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Kitabu chao kilitoka mwaka 1969. Mwaka uliofuata Ruth Finnegan alitia shaka, katika kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika, kama utendi ni utanzu wa kawaida barani humu. Mwindo ni miongoni mwa ushahidi uliotumiwa na wataalamu waliompinga. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha masimulizi mengine ya Wanyanga, na humo Mwindo anaonekana kwa sura zaidi ya moja. Makala haya yanafuata masimulizi ya Rureke.

Jina linalomtangulia mwenyewe

Mwindo ni jina la mtoto wa kiume anayezaliwa akiwa amewafuata wasichana watupu. Kwa hiyo ni jina la nafasi, si jina la kuchaguliwa. Desturi ya namna hii inajulikana pia kwa Wanande wa Beni na Lubero, ambao majina yao Paluku, Kambale na Kasereka huonyesha mvulana wa kwanza, wa pili na wa tatu. Shujaa wetu basi, hata kabla ya kutenda lolote la ajabu, amekwisha kupewa mahali pake katika hesabu ya ukoo.

Baba yake anaitwa Shemwindo, na mama yake Nyamwindo. Viambishi she- na nya- vina maana ya "baba wa" na "mama wa", kama vile wakazi wa Goma wanavyosema Baba Amani au Mama Furaha. Hapa kuna jambo la kuzingatia. Shemwindo ni mtemi wa kijiji cha Tubondo, naye anawaamuru wake zake saba wazae wasichana tu; mvulana atakayezaliwa atauawa. Hata hivyo, tangu sentensi za mwanzo za masimulizi, mtemi huyo anaitwa kwa jina la mtoto aliyemkataza asizaliwe. Kila akitajwa, amri yake inakanushwa.

Jina la sifa la Mwindo ni Kabutwa-kenda. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulichambua bila shida kubwa. Ka- ni kiambishi cha udogo, ambacho Kiswahili cha Kongo kinakitumia kila siku katika maneno kama katoto na kanyumba, wala si lazima kiwe cha dharau. But- ni mzizi wa "kuzaa", na -w- ni alama ya kutendwa. Kenda ni ndugu wa "enda". Maana yake ni "kadogo kaliozaliwa kakaenda". Jina zima ni historia fupi ya mtu asiyengoja.

Hatua zilizorukwa

Wake sita wa Shemwindo wanajifungua wasichana kwa siku moja. Mimba ya Nyamwindo, mke mpendwa, inachelewa mno. Wakati huo mtoto aliye tumboni anaanza kazi: mama akikosa kuni, kuni zinaonekana mlangoni, akikosa maji, mtungi unakuja umejaa, akikosa mboga, mboga zinafika. Mtoto anamtunza mama yake kabla mama hajapata nafasi ya kumtunza yeye.

Kisha anatafakari njia ya kutokea. Akitoka kwa njia ya kawaida, watu watamdharau kwamba amezaliwa na mwanamke kama mtoto yeyote. Akitoka kinywani, watasema ametapikwa. Mwishowe anatokea kwenye kidole cha kati cha mama yake, akicheka. Mkononi ana usinga wa mkia wa nyati uitwao conga na tezo ndogo; begani ana kifuko cha Kahombo, mzimu wa baraka, na ndani ya kifuko hicho mna kamba ndefu. Anatembea na kusema siku hiyo hiyo.

Baba anarusha mikuki, mtoto haumii. Anazikwa, usiku anatoka kaburini. Anatiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, lakini ngoma inaelea na yeye anaimba humo kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, bwana wa vilindi vya maji. Hivyo kila jaribio la kumrudisha mtoto mahali anapostahili kuwa linamsukuma mbele zaidi.

Kamba mkononi mwa shangazi

Msomaji akiishia hapo, atadhani Wanyanga walitunga sifa za mtu anayejitegemea kabisa. Lakini yanayofuata yanaonyesha vingine. Mwindo hashindi vita hata kimoja peke yake. Anapofika kwa Mukiti na kutegewa mitego, buibui anamjengea madaraja na mnyama mchimbaji anamtobolea njia chini ya ardhi. Wajomba zake, ambao ni popo wahunzi, wanamfulia mavazi ya chuma. Nkuba, mwenye radi, anaiteketeza Tubondo kwa ombi lake. Naye, licha ya msaada wote huo, hachoki kujisifu.

Shemwindo anakimbilia kuzimu, kwa Muisa. Mwindo anaamua kumfuata. Kabla ya kushuka anampa Iyangura ncha ya ile kamba aliyozaliwa nayo: akiona inatikisika, ajue mpwa wake yu hai, ikitulia, ajue amekufa. Kule chini Kahindo, binti wa Muisa mwenye ugonjwa wa buba, anamfundisha namna ya kujihadhari na hila za baba yake, naye Mwindo anamtibu. Muisa anamtuma kazi ngumu, kisha anampiga kwa mkanda wake wa kauri hata anaanguka amekufa. Juu, shangazi anaona kamba imetulia. Conga inampiga Mwindo naye anazinduka, na kamba inatikisika tena.

Huenda hakuna picha katika utendi huu inayoeleza jambo letu kuliko hiyo. Mtu aliyezaliwa bila kumngoja mkunga, na kutembea bila kushikwa mkono, anakwenda mahali pasipoendwa na mtu, lakini ncha ya kamba yake imeshikwa na mwanamke wa ukoo wake. Iyangura hamkatazi kwa nguvu wala hamwachi. Anashika kamba. Kwa jamii ambazo shangazi ni baba wa kike, nafasi hiyo haishangazi: yeye ana mamlaka ya baba bila kuwa na wivu wa baba.

Baada ya kumshinda Sheburungu katika mchezo wa mbegu, Mwindo anampata baba yake na kurudi naye Tubondo. Hamwui. Anawafufua waliokufa vitani, kisha baraza linaitishwa. Watatu wanakaa kwenye vigoda vya shaba: Iyangura katikati, baba upande mmoja na mwana upande wa pili. Shemwindo anakiri kosa lake mbele ya watu wote. Iyangura naye anamlaumu waziwazi kwa kuwabagua watoto. Utemi unagawanywa, na kila mmoja anapata mlima wake.

Hapa ulinganisho na Fumo Liyongo wa pwani unasaidia. Liyongo pia aliishi kwa kanuni zake, na watawala wa Pate walimwogopa. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mwana ndiye anayemuua baba kwa kumchoma sindano ya shaba kitovuni. Kwa Liyongo ugomvi wa mtu na utawala unaisha kwa kifo. Kwa Mwindo unaisha barazani.

Mwaka mmoja mbinguni

Hata hivyo, utendi hauishii kwenye ushindi. Mwindo, sasa akiwa mtemi, anatamani nyama ya nguruwe mwitu. Wambilikimo wake wanakwenda kuwinda, na watatu kati yao wanamezwa na zimwi Kirimu. Mwindo anamuua zimwi huyo. Kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa damu wa Nkuba, yule yule aliyemsaidia Mwindo vitani. Nkuba anashuka na kumchukua juu. Kwa mwaka mzima Mwindo anaonjeshwa baridi, mvua na ukali wa jua, bila nyumba na bila wa kumsifu. Anaagizwa asiue tena mnyama wa msituni wala wa kijijini.

Kosa la Mwindo ni dogo kwa jicho la mtu wa vita: amewalipizia watu wake. Lakini hakuuliza zimwi lile ni la nani na ni rafiki wa nani. Aliyezoea kuamua peke yake hakuona kwamba uamuzi wake unagusa urafiki wa wengine.

Anaporudi anatoa sheria. Anawataka watu walime vyakula vingi, wakae katika nyumba nzuri, waache ugomvi na uzinzi, wasimcheke mgonjwa apitaye njiani. Watu wamwogope mtemi, naye mtemi awaogope watu. Na watoto wanaozaliwa wapokewe wote, warefu kwa wafupi. Sheria hiyo ya mwisho inafuta amri ya Shemwindo iliyoanzisha mkasa wote. Mtoto aliyekataliwa ndiye anayewafungulia mlango wengine, lakini anafanya hivyo baada ya yeye mwenyewe kutulia.

Walioruka hatua bila kutaka

Suala hili si la kale tu. Machi 1993 mauaji yalianzia katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Tangu hapo teritware hizi mbili zimepita vita baada ya vita. Mwaka 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Masisi mwezi Januari, na Machi wakaingia mji wa Walikale, ambao baadaye waliuacha. Katika miaka hiyo watoto wengi wamelazimika kuruka hatua: mvulana aliyepewa bunduki kabla ya ndevu kuota, msichana aliyekuwa mama kabla ya kuwa mwali, kijana aliyeingia mashimo ya madini ya Bisie badala ya darasa na kujitafutia mahari bila baba wala mjomba. Hao nao ni kina Kabutwa-kenda, ila wao hawakuchagua.

Mara nyingi watoto hao wakirudi vijijini huonwa kama walioharibika, kwa kuwa hawakupita walikopita wenzao. Utendi wa Mwindo hauwezi kutibu majeraha ya vita. Lakini unaonyesha mpangilio wa mambo ambao Wanyanga walikwisha kuufikiria: kwanza mtu anayeshika kamba, kisha baraza ambapo mkubwa pia anakiri kosa, kisha muda wa kutulia, na mwishowe mahali pa kukaa. Katika mpangilio huo hakuna anayemwambia Mwindo azaliwe upya kwa njia ya kawaida.

Hitimisho

Mwindo hakurudi nyuma kuzikamilisha hatua alizoziruka. Alibaki yule aliyezaliwa akatembea, na jina lake la sifa halikufutwa. Kilichobadilika ni jinsi anavyoishi na watu. Kwa mwanafunzi wa fasihi, hilo linaonyesha kwamba karisi si hadithi ya nguvu tu. Ni mjadala wa Wanyanga juu ya mipaka ya mtu na mipaka ya desturi. Kwa wazazi na walimu wa Masisi na Walikale, linaacha swali la vitendo: mtoto aliyetangulia hatua anaporudi kijijini, ni nani anayeshika ncha ya kamba yake?