UPIME MGUU KABLA YA KUNUNUA KIATU

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unashuka mpaka chini kabisa, kwenye nyayo. Sababu ni swali lililoletwa na vijana wa kigango kimoja hapa Kimamba, waliokuwa wanajiandaa kwenda kutembea katika milima ya Udzungwa. Walikuwa wamewaona wageni wa Ulaya wakiwa na mabuti ya namna yake: mbele mapana, soli nyembamba inayokunjika mkononi kama chapati, na kisigino hakuna. Wakaambiwa hayo ni mabuti ya “pekupeku”, yaani mtu anatembea kana kwamba hakuvaa kitu. Wakauliza: je, ni bora kuliko haya yetu? Na tukiyakuta kwenye mitumba, tuyanunue?

Swali hili haliwahusu vijana wa safari peke yao. Mtu wa Kimamba hutembea. Hutembea kwenda shambani, gulioni, shuleni na zahanati, jua kali au masika, na mara nyingi ana mzigo kichwani. Kiatu kibaya kwake si jambo la urembo. Tutazame basi viatu hivi kimoja baada ya kingine, tukijiuliza mambo mawili tu: vidole vina nafasi? Na kiatu kimeushika mguu bila kuubana?

Mabuti ya pekupeku yanatengenezwa na kampuni kama Vivobarefoot ya Uingereza na Xero Shoes ya Marekani. Mawazo yake ni matatu. Kwanza, sehemu ya mbele ifuate umbo la vidole, isichongoke. Pili, kisigino kisiinuliwe. Raba nyingi za kukimbilia huinua kisigino kama milimita 10 kuliko vidole. Tatu, soli iwe nyembamba na laini ili unyayo uitambue ardhi. Jozi moja mpya hugharimu dola 150 na hata kupita 200, kwa hiyo hapa kwetu mtu ataipata kwa bahati tu, ndani ya robota la mitumba.

Wazo la kwanza naliunga mkono kwa mikono miwili. Mguu wa mtu aliyekua akitembea pekupeku huwa mpana mbele, vidole vikiwa vimeachana. Ndiyo miguu ya wengi wetu tuliokulia vijijini. Sasa mguu huo ukiuingiza katika kiatu cha mtumba kilichochongwa kwa mguu mwembamba wa Ulaya, kidole gumba husukumwa ndani, kidole cha mwisho hukunjwa, na baada ya miezi michache unaona sugu juu ya vidole, kucha inaota ndani ya nyama, au nundu pembeni mwa kidole gumba. Mama anasema, “Kitapanuka tu, ni ngozi.” Ngozi ya kiatu hupanuka kidogo sana. Mfupa wa mtoto ndio unaofuata kiatu, kwa kuwa bado ni laini.

KIPIMO CHA KARATASI

Kuna njia ya kupima isiyokuwa na gharama, nayo naipenda kuliko namba iliyoandikwa ndani ya kiatu. Namba ya kiwanda kimoja hailingani na ya kingine, na kwenye mitumba mara nyingi imefutika kabisa.

Chukua karatasi ngumu au ubao wa boksi. Simama juu yake kwa miguu miwili, uzito wote ukiwa chini, maana mguu wa mtu aliyeketi ni mfupi na mwembamba kuliko wa mtu aliyesimama. Mtu mwingine achore kuuzunguka mguu wako, kalamu ikiwa wima. Fanya hivyo jioni, wakati miguu imekwisha vimba kidogo kwa kazi za siku. Chora yote miwili. Karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa, na huo ndio unaonunuliwa kiatu. Kata umbo hilo kwa mkasi, ulikunje, ulitie mfukoni uende nalo gulioni.

Ukipata kiatu, itoe soli ya ndani kama inatoka na uilinganishe na karatasi yako. Kama haitoki, ingiza karatasi ndani ya kiatu. Ikilala bila kujikunja pembeni, upana unatosha. Ikijikunja, mrudishie mwenye duka kiatu chake hata kama kinang'aa. Kwa urefu, ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole chako kirefu zaidi, kwani unapoteremka mlima au mtaro mguu husogea mbele. Waliopoteza kucha baada ya safari ya milimani wengi wao walikosa nafasi hiyo.

Kisha funga kamba na utembee. Kisigino kisipande na kushuka, juu ya mguu pasibane. Tembea dakika kadhaa, usione haya mbele ya muuzaji.

Karatasi ya mtoto ichorwe upya kila muhula. Wazazi hununua kiatu cha shule kikubwa mno ili mtoto “akue nacho”, halafu wanajaza magazeti mbele. Naelewa hali ya mifuko yetu. Lakini kiatu kinachocheza kisiginoni huleta malengelenge, nayo yakipasuka na kuingia vumbi la barabarani yanakuwa vidonda. Nafasi ya kidole gumba kimoja inatosha. Na afadhali kiatu cha kamba kuliko cha kuchomeka, kwa sababu kamba hulegezwa kadiri mguu unavyokua.

KATAMBUGA NA WENZAKE

Nilipowaeleza vijana wale sifa za mabuti ya wageni, mmoja akacheka, akasema, “Mama, si katambuga hiyo?” Hakukosea sana. Katambuga za tairi, ambazo Kenya huitwa akala, hazina kisigino kilichoinuka na hazibani vidole. Tena fundi huukanyagisha mguu wako wenyewe juu ya tairi, akachora, ndipo akakata. Wafugaji wanaoswaga ng'ombe katika mbuga za Mkata huzivaa mwaka mzima. (Mjini Morogoro kulijengwa kiwanda kikubwa cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikitarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziende Ulaya. Hakikufikisha hata asilimia 5 ya uwezo wake, kikafungwa mwaka 1990. Fundi wa katambuga yupo mpaka leo.)

Lakini katambuga ina kasoro zake. Ni nzito, haikunjiki, na vidole viko wazi kwa mwiba na kisiki. Kubwa zaidi ni misumari. Soli ikiisha, ncha ya msumari hutokeza ndani. Kila unapoivaa, kwanza pitisha mkono juu yake.

Kandambili ni za bafuni na uani. Kutembea nazo kilomita nyingi huwalazimisha vidole kuzikamata kila hatua zisivuke, na jioni misuli ya mguu inauma. Yeboyebo zinaoshwa kwa urahisi na mbele ni pana, ila kwenye tope huteleza na mguu huzunguka ndani.

Gambuti lina mahali pake, nami sitaki mtu alidharau. Kwenye majaruba ya mpunga linakinga kichocho, ambacho hupenya ngozi mtu akiwa ndani ya maji. Kwenye majani marefu linapunguza hatari ya kifutu, kwani nyoka wengi huuma mguu na chini ya goti. Tatizo lake ni kwamba halipumui na halina kamba. Jasho hubaki ndani, fangasi hushamiri katikati ya vidole, na mguu unacheza humo kama mchi ndani ya kinu. Livae kwa kazi ile, na soksi, kisha livue na ulianike likiwa limepinduliwa. Si kiatu cha safari.

Na pekupeku yenyewe? Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika magharibi mwa Kenya na Marekani. Waliona kwamba waliozoea kutembea bila viatu wana ngozi nene zaidi ya unyayo, na hata hivyo hawakupoteza hisia ya kuitambua ardhi. Basi pekupeku haiharibu mguu. Kinachotuumiza ni vitu vilivyomo ardhini kwetu: mabuu ya safura yanayopenya ngozi na kumnyonya mtoto damu, funza, chupa zilizovunjika, na mwiba wa mkonge. Mtoto achezee pekupeku sakafuni na kwenye ua uliofagiwa, miguu yake itapata nguvu. Chooni na shambani avae.

MAJIBU KWA WANAOPANDA MILIMA

Ukikuta kwenye mitumba buti pana la soli nyembamba, na karatasi yako ikalala vizuri ndani, si kiatu kibaya kwako wewe kijana mwenye afya uliyekua ukitembea. Ila usiamini kila linalosemwa juu yake. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, inayotengeneza viatu vyenye vidole, ilikubali huko Marekani kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya madai kwamba ilitangaza faida za kiafya zisizo na uthibitisho. Na mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwachunguza wakimbiaji waliohamia viatu hivyo kwa muda wa wiki 10; zaidi ya nusu yao walionyesha dalili za mifupa ya miguu kuelemewa. Aliyezoea kiatu kinene ahamie taratibu, aanze na nusu saa kwa siku.

Njia ya kwenda maporomoko ya Sanje, yanayoanguka mita 170 hivi, ina mizizi na mawe yenye unyevu. Hapo jambo la kutazama ni meno ya soli. Soli iliyolika hata iwe ya kampuni gani itakuangusha. Raba pana ya kamba yenye meno, soksi kavu jozi mbili, na kiatu ambacho umekwisha kukitembelea wiki mbili kabla ya safari, vinatosha kabisa. Usiende milimani na kiatu kipya.

WENYE KISUKARI

Kuna kundi moja ambalo haya mabuti ya soli nyembamba nawakataza moja kwa moja, pamoja na katambuga, kandambili na kutembea pekupeku hata ndani ya nyumba. Ni wenye ugonjwa wa kisukari, hasa walioishi nao miaka mingi.

Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni. Ganzi huanza vidoleni ikipanda taratibu. Mishipa ya damu nayo husinyaa, kwa hiyo kidonda kikipatikana hakiponi upesi. Mzee mmoja, mkata mkonge wa zamani, alifika kwetu akisindikizwa na mkwewe. Nikamwamkia, nikamuuliza kinachomsumbua. Akasema, “Mguu hauniumi, mwanangu. Unanuka tu.” Tulipomvua gambuti, zawadi ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam, kulikuwa na kokoto ndani yake. Alikuwa ameikanyaga siku mbili akipalilia, bila kuihisi. Vidole viwili vilikatwa. Mguu ulibaki, tukashukuru.

Maumivu ni mlinzi, na mtu huyu mlinzi wake amelala. Ndiyo maana kiatu chake kinatakiwa kumlinda badala ya kumfanya “aihisi ardhi”. Kiwe kipana mbele na kimefunika vidole, soli ya chini iwe ngumu isiyopenya mwiba, ndani pawe laini pasipo mshono unaokwaruza, na kifungwe kwa kamba au gundi ya mkanda. Kipimo cha karatasi kwake ni cha lazima, sababu hawezi kutegemea kusikia kama kiatu kinabana. Wenye ganzi wengi huchagua kiatu kidogo kwa kuwa ndicho pekee wanachokihisi mguuni.

Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, aliyeshiriki katika mpango wa mafunzo ya miguu ya wenye kisukari ulioendeshwa Tanzania na India kuanzia mwaka 2004, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya ukataji wa miguu inaweza kuzuilika kwa uangalizi wa mapema na kiatu kinachofaa. Nasi wauguzi tunaona vivyo hivyo wodini.

Kila kabla ya kuvaa, geuza kiatu, kipigepige, kisha ingiza mkono mpaka mbele. Vaa soksi nyeupe zisizobana, damu au usaha vitaonekana. Kila jioni tazama nyayo na katikati ya vidole. Macho yakiwa hafifu, mjukuu atazame. Kucha zikatwe mkato wa moja kwa moja, na sugu isichongwe kwa wembe. Ukiona lengelenge, wekundu au unyevu, hata kama hapaumi, usingoje siku ya kliniki. Njoo siku hiyo hiyo, na uje na viatu vyako vyote unavyovaa, tuvitazame pamoja.