Shahada ya Pili Iwe Dawa, Isiwe Pambo

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kijana aliyeomba nafasi ya kusomea udaktari wa meno akakataliwa bado ana haki ya kuomba tena, na wajibu wetu sisi wazee wake ni kumpa moyo. Lakini mhunzi mwenye busara haendi sokoni kununua koleo jingine kabla hajajua lile la kwanza lilivunjikia wapi.

Tunayasema haya kwa sababu zimo familia za Unguja na Pemba ambazo watoto wao wanaishi na kusoma Marekani. Hapa nchini udaktari wa meno husomwa kwa miaka mitano baada ya Kidato cha Sita. Kule kwa kawaida mwanafunzi humaliza kwanza shahada ya miaka minne, ndipo aombe nafasi katika chuo cha meno, ambako husoma miaka minne mingine. Akikataliwa, huwa tayari ana shahada moja mkononi, na mara nyingi shauri linalotolewa ni kwamba aongeze ya pili. Swali ambalo halina budi kuulizwa ni hili: shahada ipi, na ya kutibu maradhi gani?

Maombi hukataliwa kwa sababu mbalimbali. Huenda alama za sayansi zilikuwa hafifu. Huenda mtihani wa kuingilia, uitwao DAT, haukufanywa vyema. Huenda mwombaji hakupata kukaa karibu na daktari wa meno akaiona kazi yenyewe, au alichelewa kupeleka maombi. Katika hizo zote, shahada ya uzamili hutibu ile ya kwanza tu. Aliyeanguka katika DAT anahitaji kujiandaa upya kwa mtihani huo. Kumpeleka darasani kwa miaka miwili ni kumpaka dawa ya mguu aliyeumwa na jino.

Hata kwa mwenye alama hafifu, ipo hesabu ambayo wazazi wengi hawaijui. AADSAS, ambayo ndiyo huduma ya pamoja ya kupokea maombi ya vyuo vya meno nchini Marekani, huweka wastani wa shahada ya kwanza mbali na wastani wa uzamili. Alama nzuri za uzamili haziufuti wastani wa zamani; husimama kando yake kama ushahidi mpya. Somo lililorudiwa nalo huhesabiwa pamoja na lile lililofeliwa. Anayetaka kuuinua wastani wenyewe hana budi kuchukua masomo ya ziada ya ngazi ya shahada ya kwanza, ambayo aghalabu humgharimu pungufu kuliko shahada nzima.

Kwa yule ambaye wastani wake hauwezi tena kuinuliwa kwa masomo machache, ipo shahada maalumu ya uzamili katika sayansi za tiba. Humo husoma biokemia, fiziolojia na anatomia kwa uzito unaokaribia ule wa mwaka wa kwanza wa udaktari, na baadhi ya vyuo huwaketisha wanafunzi hao darasa moja na wanafunzi wa udaktari. Akifaulu, ameonyesha kwamba mzigo anauweza. Akishindwa, ameuthibitisha udhaifu ule ule alioshukiwa nao. Asiingie humo asiyekuwa tayari.

Shahada ya uzamili ya afya ya jamii ni jambo jingine. Ina takwimu na elimu ya mwenendo wa maradhi, lakini haimthibitishi mtu katika kemia na bayolojia. Hatuidharau hata kidogo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na mengi ya maradhi hayo huzuilika. Visiwa vyetu vinawahitaji wataalamu wa kinga. Kijana anayeipenda kazi hiyo na aisome kwa ajili yake yenyewe, wala asiifanye ngazi ya kupandia kwingine.

Suala la fedha nalo halifichiki. Sheria ya Marekani ya mwaka 2025 imemwekea mwanafunzi wa uzamili anayeanza kukopa serikalini kuanzia Julai 1, 2026 kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka. Mgeni asiye na ukaazi wa kudumu kwa kawaida hana hata mkopo huo. Pengo litakalobaki litazibwa na nani, kama si mjomba mwenye duka na shangazi mwenye mikarafuu?

Kwa hiyo tunatoa rai kwa familia, na kwa wakuu wa serikali wanaoombwa ufadhili na barua za kuwatambulisha vijana. Kabla ya senti kutoka, mwombaji aeleze kwa maandishi kwa nini alikataliwa, shahada anayoitaka inaziba upungufu gani, na ataifanyia kazi gani endapo mlango wa chuo cha meno hautafunguka. Asiye na majibu na ashauriwe kwanza. Mwenye majibu asaidiwe bila ya kuzungushwa, kwani mwaka mmoja wa kusubiri kwake ni mrefu.