Maji Taka ya Eastleigh na Matone ya Polio

Majuzi nilikuwa Eastleigh, Nairobi, kumjulia hali binti wa ndugu yangu. Tukiwa tunakunywa chai, mlango ukagongwa. Ni wahudumu wa afya wenye kisanduku cha chanjo. Binti akaniangalia.

"Ami, niwafungulie? Huyu mtoto ameshapata matone yote kliniki. Na kwani polio haikuisha?"

Swali lake ni la haki, na wazazi wengi huku kwetu Mombasa huliuliza pia. Nilimjibu kwa kisa cha mtaa wake mwenyewe.

Machi 2018, sampuli ya maji taka ilichukuliwa hapo hapo Eastleigh. Maabara ikakuta ndani yake kirusi cha polio cha aina ya pili. Kirusi hakikupatikana kwa mtoto aliyepooza. Kilipatikana kwenye maji ya choo. Mtu aliyeambukizwa hukitoa kirusi kwa wiki kadhaa kupitia haja kubwa, na wengi hawana dalili yoyote. Kwa wastani, katika kila watu 200 walioambukizwa ni mmoja tu anayepooza. Ukingoja apooze ndipo ushtuke, umeshachelewa.

Kirusi kile kilikuwa na nasaba na kilichoonekana kwenye maji taka ya Mogadishu. Si ajabu. Eastleigh ina mabasi ya Garissa, nguo za Dubai na jamaa walio Minneapolis. Njia inayoleta riziki ndiyo inayoleta maradhi, na hilo si kosa la Msomali wala la mgeni yeyote. Sisi watu wa bandari tunalijua. Mei 2020, wakati wa korona, serikali ilifunga Eastleigh na Mji wa Kale wetu kwa tangazo moja.

Sasa nije kwenye jambo gumu, ambalo wengine huona bora lisisemwe. Kirusi kile cha 2018 asili yake ni chanjo yenyewe. Matone ya polio yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto hupata kinga, kisha hukitoa chooni. Penye watoto wengi waliochanjwa, kinaishia hapo. Penye wengi wasiochanjwa na vyoo vibovu, hupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa miezi mingi, kikibadilika, mpaka kirudishe nguvu za kupoozesha.

Polio asilia ya aina ya pili ilitangazwa kutokomezwa 2015, na Aprili 2016 aina hiyo ikaondolewa kwenye matone ya kawaida duniani kote. Waliozaliwa baadaye wakawa hawana kinga ya kutosha tumboni dhidi yake. Ndiyo sababu kampeni za nyumba kwa nyumba hurudi hata kwa mtoto mwenye kadi iliyojaa.

Wenye kueneza uvumi hushika nusu moja ya habari hii: "Chanjo inaleta polio." Nusu ya pili hawaisemi, kwamba kirusi hicho hupata nguvu kwa sababu watoto wengi wameachwa bila chanjo. Na maofisa wanaoogopa kuieleza nusu ya kwanza ndio wanaowapa nguvu waongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dini yetu imetuhimiza kutafuta tiba, na pia imetukataza kuficha ukweli.

Binti alifungua mlango. Aliwauliza wahudumu maswali yake, wakamjibu kwa upole. Mtoto akatiwa matone mawili, kidole chake cha mwisho kikapakwa wino, akaanza kulia.

Nilipotoka, maji machafu yalikuwa yakipita katikati ya barabara, na watoto wakiyaruka. Sayansi iliweza kukisoma kirusi ndani ya maji hayo na kutuambia kimetoka wapi. Lakini kuyaondoa maji yenyewe mlangoni mwa watu hakuhitaji maabara. Ni kazi ya mabomba, na ya viongozi tunaowapigia kura. Tuwafungulie mlango wenye chanjo, na hao viongozi nao tusiwaache walale.