ALAMA ISIYOONEKANA

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka huu nimeyaona hayo kwenye tarakilishi.

Chama chetu kilifanya shindano la insha, nami nikapewa kazi ya kuweka matokeo kwenye tovuti. Nilikuwa na faili mbili: ya majina ya wanachama na ya maksi. Programu ndogo niliyoiandika ililinganisha majina. Lo! Msichana wa kwanza kwenye orodha akaandikiwa "hakushiriki", ilhali insha yake sote tuliisoma. Alilia kweli. Wengine wakasema ati nimefanya kusudi.

Nililitazama jina lake mara kumi, sikuona kosa. Kisha nikaiamuru tarakilishi ihesabu herufi zake. Jina ni la herufi sita, ikasema saba!

Kumbe mwanzoni mwa faili palikuwa na alama isiyoonekana iitwayo BOM, yaani alama ya mpangilio wa baiti. Tarakilishi huhifadhi kila herufi kama nambari. Nambari ikichukua baiti mbili, ipi itangulie? Ni kama kusoma 25 au 52. Basi alama FEFF huwekwa mwanzoni. Ikisomeka FFFE, tarakilishi hujua imesoma kinyume, kwani hakuna herufi yenye nambari hiyo.

Mtindo wa UTF-8, uliobuniwa mwaka wa 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, una mpangilio mmoja tu, hivyo hauhitaji alama hiyo. Tuliuchagua kwa sababu hapa Eldoret tuna majina ya kila kabila, na ya Kikuyu yana ĩ na ũ. Lakini Notepad ya Windows, hadi mwaka wa 2019, iliibandika kwenye kila faili ya UTF-8: baiti tatu, EF BB BF. Ukurasa ukisomwa kwa mtindo mwingine, huonekana hivi: ï»¿.

Dawa ni nini? Hifadhi faili kwa UTF-8 isiyo na BOM. Ukipokea faili ya mwingine, hakikisha programu inairuka alama hiyo kabla ya kulinganisha chochote. Katika Python andika utf-8-sig badala ya utf-8.

Niliporekebisha, maksi za mwenzetu zilitokea: alikuwa wa pili! Nikamwomba radhi mbele ya chama. Basi wenzangu, kabla hatujasema fulani hakufanya kazi, hebu tukague faili kwanza.